Jairus na Mlima wa Githeri

Sogeeni, enyi wakazi wa Nechells huku ughaibuni, nanyi mliokuja kwa basi kutoka Aston, nyamazeni mnisikilize. Maana nawasimulia vita alivyopigana Mzee Jairus, Simba wa Ghorofa ya Tatu, siku ya Alhamisi, kwenye ushirika wa maombi sebuleni kwa Mama Peninah, dhidi ya sahani moja ya githeri, mahindi na maharagwe yaliyochemshwa pamoja.

Utumbo wa shujaa huyu una ugonjwa usiopona, wa miaka kumi na tisa, nao umekuwa mwembamba. Ulimwengu mzima unahubiriwa kula nyuzinyuzi, yeye amekatazwa. Seema, mtaalamu wa lishe hospitalini, alimwandikia karatasi: maganda ya maharagwe na punje za mahindi ni maadui, wakikwama humo hawatoki kwa hiari. Na Jumamosi alikuwa amsindikize mjukuu wake Beverly, bibi harusi, hadi madhabahuni, kwa niaba ya babaye marehemu.

Ndipo Mama Peninah, Malkia wa Sufuria, akaushusha mlima mbele yake, kwa kuwa katika ushirika wetu mgeni hajipakulii.

"Kula, mzee! Tumbo linataka faiba. Hiyo mikate myeupe ndiyo inakumaliza."

"Mama, siwezi."

"Huwezi, ama siku hizi umekuwa Mzungu?"

Waumini wakacheka kama jeshi linalogonga ngao. Pasta Évariste, mwana wa Bukavu, akainua mkono. "Papa, tukiombee chakula, kisha ule kwa imani."

"Pasta," akajibu shujaa, akisimama wima, "Pasaka tuliomba, nikala kwa imani. Nikalazwa siku nne, ukaja kuniona wodini. Ukaniletea zabibu, nazo nimekatazwa!"

Akamgeukia Malkia. "Mama Peninah, yule mzee wa Kizungu unayemlisha kazini, kwenye nyumba ya wazee, karatasi yake ikisema asipewe mahindi, unampa?"

"Aii! Nifutwe kazi?"

Jairus akachomoa karatasi ya Seema mfukoni, kama upanga alani. "Basi hadi Jumamosi, nihesabu Mzungu."

Peninah akaisoma yote, mstari kwa mstari, kwa kidole. Akaingia jikoni, akamenya viazi vitatu, akavichemsha, akaviponda laini.

"Si ungesema una karatasi?"

"Miaka kumi na tisa nimesema kwa mdomo."

Na iandikwe, wajukuu wa wajukuu wetu waisome: viazi vitatu viliuangusha mlima wa githeri, na Jumamosi, saa nane mchana, kanisani Aston, Mzee Jairus alitembea hatua ishirini na sita, Beverly mkononi, bila kukunja uso hata mara moja.