Waya Mmoja, Disketi Moja

Jumatatu, 9 Juni 1997

Nimeula! Bi Mwaisha, mwenye nyumba wangu, kanipa kazi ya kuchapa kadi za harusi ya bintiye Raya. Zinatakiwa Ijumaa, zigawiwe watu wakitoka kuswali. Zikiwahi, chumba hiki cha biashara ni changu moja kwa moja. Zikichelewa, kinakwenda kwa Twalibu wa ng'ambo ya barabara, yeye na mashine yake ya taipu ya enzi za Azimio la Arusha. Bi Mwaisha kayasema hayo Twalibu mwenyewe akiwapo. Twalibu akacheka. Hucheka kila kitu. Ni mtani wetu wa ukoo, na mtani hana adabu wala hatakiwi kuwa nayo.

Simwogopi. Soko huria limeingia hadi Morogoro, yeye bado anagonga taipu. Mimi nina kompyuta mbili, za mtumba lakini zinawaka. Tena nina hesabu! Dar nilisoma (muhula mmoja, lakini nilisoma) namna ya kuchora mashine nyingi zinazofanya kazi kwa wakati mmoja, ukajua kama zitakwama hata kabla hujaziwasha. Twalibu anajua hayo? Hajui.

Jumanne, 10 Juni

Nimechora sakafuni kwa chaki. Duara ni mahali pa kungoja, kisanduku ni tendo, punje ya harage ni ruhusa. Tendo halifanyiki mpaka ruhusa zake zote zimefika. Maharage ni ya kwetu Mgeta, kaleta mama. Shida yetu ni hii: kompyuta mbili, lakini waya wa printa ni mmoja, na disketi yenye maua ya kadi ni moja. Kuchapa kunataka vyote viwili.

Nimesogeza punje za kompyuta ya kwanza mpaka mwisho, kisha za pili mpaka mwisho. Mkono wa kusogezea ni mmoja, ningefanyaje? Hazikukwama hata kidogo. Safi kabisa!

Cecilia, mtoto wa mama mdogo, ndiye wa kompyuta ya dirishani. Kauliza kama na yeye ni harage. Nikasema ndiyo. Kanuna. Semeni, wa kompyuta ya mlangoni, kafurahi, kataka kuonyeshwa yeye ni lipi.

Nikaenda kujitapa kwa Twalibu. Kurudi, Cecilia kafagia, na hesabu yangu iko jikoni inachemka. Tumeila na wali. Ilikuwa tamu, sikatai.

Jumatano, 11 Juni

Kazi imeanza. Kazi imekwama. Cecilia kashika waya, anangoja disketi. Semeni kashika disketi, anangoja waya. Nimewakuta wametulia tuli, kila mtu na chake. Nikauliza nani aachie. Cecilia kasema yeye ndiye ndugu, haachii. Semeni kasema ataachia akishauona waya mkononi.

Mkwamo! Ule ule wa darasani! Nilifurahi sana kuuona kwa macho yangu, nikawaomba wasisogee nipate kuuchora. Kisha nikakumbuka Ijumaa.

Nimetunga sheria. Ukikosa kimoja, weka mezani ulichonacho, mpishe mwenzio. Hapo hakuna kukwama tena, labda dunia igeuke.

Alhamisi, 12 Juni

Sheria inafuatwa. Inafuatwa mno! Nilisahau kuwa hawa ni mabinti waliolelewa. Cecilia kaweka waya mezani, kamwomba Semeni atangulie. Semeni kaweka disketi, kasema hawezi kumtangulia mkubwa wake. Cecilia kasema mgeni ndiye hutangulizwa. Semeni kasema ugeni ulikwisha siku nyingi, yeye sasa ni wa nyumbani. Mpaka adhuhuri waya na disketi viko mezani, na wao wanakaribishana. Jana hakuna aliyetoa, leo hakuna anayechukua.

Nikafoka. Wakasusa wote wawili. Cecilia kanyakua waya, Semeni kanyakua disketi, tukarudi kule kule kwa jana.

Bi Mwaisha kapita. Shikamoo yangu kaiitikia nusu. Kataka kuona kadi. Nikamwonyesha mchoro. Kautazama sana, kisha kaniuliza kama nyumbani kwetu wanajua hali yangu.

Nimeogopa, nisijidanganye. Chumba kikienda narudi Mgeta kulima karoti, na kila nitakayepishana naye njiani ataniuliza zile hesabu zimefikia wapi.

Ijumaa, 13 Juni

Twalibu kaingia bila hodi, na futi kamba mkononi. Kaja kupima chumba! Kawakuta mabinti wamesusiana. Akauliza kuna nini, nikamweleza kwa maduara. Hakusubiri nimalize. Kampokonya Cecilia waya, kamwambia ukoo wetu ni wachoyo tangu mababu, hata maiti wetu hung'ang'ania jamvi. Angekuwa mtu mwingine, leo pangechimbika. Lakini mtani hakasirikiwi. Cecilia kacheka mpaka machozi. Twalibu akampa Semeni waya, printa ikaanza kulia. Semeni alipomaliza fungu lake, akampa Cecilia vyote viwili, naye akachapa lake.

Kadi zimefika msikitini watu wanavaa viatu. Nimehema!

Nimekaa nikatafuta kosa liko wapi. Nimelipata. Hesabu ilikuwa sahihi tupu, ilipungua harage moja tu. Nimemwongeza Twalibu. Nimemchagulia lenye doa.

Jumapili, 15 Juni

Bi Mwaisha kaamua. Kazi ni yangu, lakini kadi zimetoka kwa mkono wa Twalibu, kwa hiyo chumba ni chetu sote. Nimekubali kwa moyo mweupe, maana nina mpango. Ili asinizunguke, wala mimi nisimzunguke, nimetia mlangoni kufuli mbili. Moja yangu, moja yake. Haufunguki mpaka tukutane. Nimechora, nimesogeza punje zangu, kisha zake. Haukwami! Twalibu kapokea ufunguo wake akicheka.

Jumatatu, 16 Juni

Niko kizingitini tangu asubuhi, ufunguo mkononi. Simfuati mtu. Yeye ndiye wa kuja.

Semeni kapita kwake. Kasema Twalibu naye yuko barazani, ufunguo mkononi, na kaapa haondoki hapo mpaka mimi niende kumbembeleza. Cecilia kashauri nimpe yeye ufunguo wangu aupeleke. Nikamwambia asinivurugie hesabu. Sasa anamsuka Semeni nywele kwenye ngazi, na wateja wawili wameshaondoka.

Hali ya hewa nzuri. Leo milima haina hata wingu, na mama kaleta maharage mapya. Nimechora papo hapo kizingitini. Nimesogeza punje ya Twalibu taratibu, mpaka ikafika ilipo yangu. Kwenye mchoro tumeshaingia ndani, tunachapa kazi.