Mwanamke wa Buluu na Mwenzake

Kinyozi alifika kwenye benchi langu la kahawa na gazeti mkononi. Wachoraji wawili wanashindana kwenye maonyesho. Kila mmoja kachora mwanamke, na wasomaji wanaombwa waseme nani kaujua zaidi moyo wa mwanamke.

"Nisaidieni," alisema. "Mke wangu leo siku ya tatu hasemi nami. Huyu Rangi anakwenda kumchorea picha kwenye ukuta wa saluni yake. Nikichagua picha ya kumgusa, nimepona."

Rangi, mchora mabango, aliitikia kwa kichwa. Makopo yake yalikuwa miguuni.

Mwanamke wa kwanza alikuwa wa buluu mwili mzima, mikono kichwani, mdomo wazi, machozi mpaka magotini. Wa pili alikaa mezani mbele ya ukuta mwekundu, kikombe mkononi, anakutazama tu.

Nikawamiminia kahawa.

"Chukua wa buluu," alisema Futi Kamba, fundi cherehani asiyevua utepe shingoni hata akila. "Hisia tele. Unatamani umpe leso."

"Leso au ndoo?" Bomba, fundi wa mabomba, alilisogeza gazeti puani. "Maji lazima yawe na chanzo. Jicho saizi hii halitoi presha hii. Huyu mchoraji hajaona mwanamke akilia, kaona paipu imepasuka."

"Basi huyo wako kakaa kama anasubiri basi."

"Mtazame mdomo, kaka."

Futi Kamba akavuta utepe, akaupima mdomo. Akaurudisha utepe shingoni taratibu.

"Mama watoto ana mdomo huu," alinong'ona. "Ni ule wa kabla hajasema 'sawa'."

Benchi zima likajivuta nyuma kidogo.

"Kafanyiwa nini?" aliuliza Kinyozi.

"Mume kaambiwa alete gesi," alisema Bomba, haraka mno. "Karudi anasema duka limefungwa, na dukani hakufika."

"Wapi. Mume kasema mbele ya wageni kuwa dada yake anapika vizuri zaidi." Futi Kamba alikohoa. "Nakisia tu. Simjui mtu wa hivyo."

Hawakumwona mke wa Kinyozi akivuka barabara kutoka saluni. Alisimama mbele ya benchi.

"Asubuhi nzima mnamuuliza wa gazetini ana nini," alimwambia mumewe. "Mimi umeniuliza?"

"Una nini, mke wangu?"

"Sina kitu."

Mdomo ulikuwa uleule. Rangi akafungua kopo jekundu. "Shemeji, baki hivyohivyo."

Kinyozi alilitazama gazeti, akamtazama mkewe, gazeti tena, kama mtu anayelinganisha saini. Hapo ndipo macho yake yalipofika kichwani kwa mkewe.

"Umekata nywele."

"Siku ya tatu leo."

"Zote?"

"Zote. Kila nikikuomba unanyoa wateja, unasema kesho."

"Nani kakukata?"

"Yule wa kona ya pili. Kanikata vizuri."

Mshindani wake. Kinyozi alishika kichwa kwa mikono miwili, mdomo ukabaki wazi, macho yakajaa maji. Mkewe akajaribu kujizuia, akashindwa. Akacheka mpaka akakalia makopo.

Rangi aliliacha lile jekundu, akavuta la buluu kutoka chini ya shemeji.

"Kinyozi," alisema, "usitikisike."