Geti la Kufungukia Ndani

Tarehe 3 Juni, Jumatatu

Leo nimekabidhiwa geti. Rasmi, mezani, kabla chai haijapoa. Mama Mkwe anahamia kwetu Jumapili, na lori litakalomleta yeye na kitanda chake lazima liingie mpaka mlangoni, maana goti lake halitaki safari. Nguzo mbili za zege zimesimama pale mbele tangu mwaka jana. Katikati yake ni hewa tupu. Mke wangu alitaka kumpigia simu kaka yake aje asimamie kazi. Nikakataa katakata. Nikasema na mimi ni mtu.

Niandike ukweli, maana hapa hasomi mtu. Ni miaka kumi na tisa tangu nimwoe binti yake, na Mama Mkwe bado ananiita "yule kijana". Nina miaka hamsini na moja! Mvi zangu zinazidi zake. Jumapili atapita kwenye geti langu, ataliona, ataniita mkwe. Sitaki kingine.

Tarehe 4 Juni, Jumanne

Nimeamka na ndege kwenda kupima geti la jirani yetu Mstaafu, ambaye hana analofanya siku hizi ila kulipiga deki geti lake. Mbinu: kujifanya nimedondosha ufunguo. Nikapima upana, kimo, unene wa mabomba, nikahesabu na mikuki ya juu. Kumi na minane. Nilikuwa nimepiga magoti, futikamba mdomoni, geti likafunguka. Kwa ndani, polepole, mabawa yote mawili, kama mikono inayomkaribisha mgeni. Mstaafu kasimama na kikombe chake. Akaniuliza ufunguo huo una urefu gani. Nikacheka. Yeye hakucheka.

Geti langu litakuwa na mikuki ishirini.

Saa nne akaja fundi wa kuchomelea. Nimempa jina Fundi Kimya, kwa sababu alisema maneno machache na mengi yake yalikuwa salamu. Hakutoa hata futikamba. Aliomba maji. Nikampa kopo, nikidhani ana kiu. Akayamwaga chini, katikati ya nguzo! Akachuchumaa, akayatazama mpaka yakaisha, akakunja uso. Kisha akasema, "Hili lifungukie nje."

Nikaitikia kwa kichwa kama mtu anayejua. Akaenda zake.

Maji ya nini?

Tarehe 5 Juni, Jumatano

Maji ya nini? Nimepaka mkate siagi pande zote mbili kwa mawazo. Mke wangu anasema nimpigie fundi nimwulize, kuuliza si ujinga. Ni rahisi kwake kusema. Ukimwuliza fundi swali moja tu, keshajua hujui, na tangu hapo unakuwa mwanafunzi nyumbani kwako. Nitachunguza mwenyewe.

Kopo la kwanza: maji yakakimbilia barabarani. Kopo la pili: barabarani. La tatu nililitilia njiti ya kiberiti. Njiti nayo ikaenda barabarani, tena mbio, nikaifuata kwa magoti mpaka kwenye lami. Hitimisho langu: udongo haunywi maji, kwa hiyo ni mgumu, kwa hiyo nguzo ni imara. Kumbe fundi alikuwa anausifu uwanja wangu! Ila kwa nini alikunja uso?

Mstaafu akauliza kutoka ng'ambo nimepanda nini pale ninapomwagilia. Nikamwambia subira.

Mchana nikaona bora nimchimbe fundi mwenyewe, lakini kwa akili. Nilikirukia kiti chetu cha chuma mpaka mguu ukaachia, nikakibeba hadi karakanani kwake kuchomelewa. Nikakaa pale saa nzima nikingoja ulimi umteleze. Nikasifu mvua za mwaka huu. Nikataja visima. Nikasema, kwa mbali kabisa, kwamba kuna watu hupenda kumwaga maji. Akavua miwani yake ya kazi, akaniangalia kwa huruma, akasema kiti tayari.

Tarehe 6 Juni, Alhamisi

Nimempata fundi! Huyu ninamwita Fundi Ndiyo. Unamaliza nusu ya sentensi, yeye keshakubali nusu iliyobaki. Geti lifungukie ndani? Ndiyo. Mikuki ishirini? Ndiyo. Nikamtega nikasema tuweke na kengele juu, akasema ziwe mbili. Nikamtega tena, nikampa kopo la maji nione atafanya nini. Akayanywa. Hatimaye mtu wa kawaida!

Mke wangu aliuliza kwa nini yule wa kwanza alitaka lifungukie nje. Nikamweleza kwamba mafundi wana mazoea yao. Isitoshe, geti la kufungukia nje linamsukuma mgeni. Mama yake anafika, geti linamfuata kifuani? Aibu gani hiyo? Mke wangu akasema mama yake hana habari na adabu za mageti. Tutaona.

Tarehe 8 Juni, Jumamosi

Limefika kwa mkokoteni. Zuri kupita nilivyoota! Jeusi, linang'aa, mikuki ishirini, kengele mbili. Nimelizunguka mara nne. Mstaafu alitoka akahesabu mikuki kwa kidole, nikamwona.

Saa tisa bawaba zikawa tayari. Nikashika bawa la kulia, nikalivuta ndani kwa madaha. Likafunguka kiasi cha mkono mmoja, likakwaruza ardhi, likagoma. La kushoto, hivyo hivyo. Tukavuta wawili, mimi na fundi. Tukavuta na mke wangu watatu. Limebaki pengo la kupita mtu mmoja, tena asiwe ametoka kula.

Fundi Ndiyo akasema chuma kipya lazima kizoee. Nikamwuliza (hapa niliuliza, iandikwe!) kama kitazoea kufikia kesho. Akasema ndiyo.

Tarehe 9 Juni, Jumapili

Hakikuzoea.

Lori lilifika saa tano. Likapiga honi, nikatoka na shati jeupe kueleza kwamba leo tutatumia njia ya miguu. Kitanda cha Mama Mkwe kikashushwa barabarani, kikawekwa juu ya lami mbele ya dunia nzima, na godoro juu yake. Mstaafu akaja kushika upande mmoja bila kuombwa. Hilo ndilo lililoniuma.

Mama Mkwe akapita kwenye pengo ubavu ubavu, na fimbo yake na goti lake, mkono mmoja begani kwa binti yake. Alikuwa anahema. Niliona aibu ya kweli, si ya kuandika kwa alama ya mshangao. Nikampa shikamoo, akaitika. Nikamletea kiti, kile kilichochomelewa. Akaomba maji.

Akanywa nusu. Nusu nyingine akaimwaga chini, pale pale! Akayatazama yakikimbilia barabarani.

"Mkwe wangu," akasema, "uwanja wako unapanda. Geti likija ndani linakutana na mlima. Hakuna fundi aliyeliona hilo?"

Nikajibu hakuna. Mke wangu akanitazama muda mrefu, kisha akaenda kutandika kitanda.

Mama Mkwe akaendelea kueleza. Bawaba zigeuzwe, lifungukie nje, kazi ya asubuhi moja kwa fundi anayejua. Alieleza vizuri, nadhani. Sikusikia sana. Aliniita mkwe wake! Miaka kumi na tisa! Geti limefanya kazi yake.

Tarehe 10 Juni, Jumatatu

Kurudi kwa Fundi Kimya haiwezekani. Nitamwambia nini? Nimepata njia bora: geti libaki lilivyo, mlima ndio uondoke. Mke wangu anasema mama yake ameshasema dawa ni bawaba. Nimemwambia mkwe mzuri huongeza na lake.

Mchimbaji amekuja saa mbili na sururu yake. Nikamwonyesha: tunachonga ardhi yote hii, kuanzia shina la nguzo hadi barazani, kwenda chini futi moja na nusu. Alitoa uzi mfukoni, akafunga kijiwe, akauning'iniza ubavuni mwa nguzo, akafumba jicho moja. Akazunguka, akarudia nguzo ya pili. Akakunja uso. Akaniuliza kama nina hakika nataka ichimbwe hapo hapo shinani.

Nikaitikia kwa kichwa kama mtu anayejua.

Uzi na kijiwe vya nini? Sikumwuliza. Nimeazima uzi wa kushonea wa mke wangu, nimefunga kijiko cha chai, nimekuwa nikikining'iniza tangu mchana. Kinachezacheza, kisha kinatulia: juu uzi unagusa nguzo, chini kijiko kiko mbali nayo vidole vitatu. Nadhani ni upepo. Mama Mkwe amekaa barazani ananiangalia. Amemwuliza binti yake yule kijana anafanya nini.

Kazi inaanza kesho.