Plastiki ya Profesa na Gari la Mwenye Nyumba

Profesa hakuwa profesa. Cheo hicho alijitunuku mwenyewe, siku alipojipenyeza kwenye mhadhara wa chuo kikuu kufuata chai ya bure. Huko mtaalamu alieleza kuwa wanatengeneza grafini, utando wa kaboni mwembamba hata jicho haliuoni, wanautandika juu ya plastiki laini upitishe umeme wa jua. Wenzake waliandika. Profesa aliacha kutafuna. Kitu kisichoonekana! Nani atakudai umwonyeshe?

Wiki haikuisha, akawa sebuleni kwa mwenye nyumba mmoja, bahili aliyekubuhu, aliyetamani umeme wa bure ili awauzie wapangaji wake. Profesa alitandaza plastiki aliyoisugua kwa penseli. Kwenye pindo alikuwa ameficha betri ya saa. Akaisogeza dirishani, na taa ndogo iliyoning'inia pembeni ikawaka.

"Elektrodi ya grafini hiyo, mzee, ndiyo inayopitisha umeme. Nyembamba, jicho haliioni. Ikunje utakavyo, haivunjiki ng'o!"

Mzee akaikunja, akaitia gizani ndani ya koti lake, akachungulia humo kwa kitambo. Profesa hakuwa na habari. Macho yake yalikuwa chini uani, kwenye gari jekundu lililong'arishwa likametameta. Miaka nenda miaka rudi wapumbavu wanaendesha magari, yeye mwenye akili anakula vumbi lao juu ya pikipiki! Ilimuuma.

"Pesa sina," alisema mzee. "Chukua gari. Ila niongezee pikipiki yako, mke wangu apate cha kwendea sokoni. Mama watoto! Hebu mwonyeshe mgeni gari!"

Mkewe, aliyekuwa uani, akaingia garini akazungusha ufunguo. Taa zikawaka, redio ikaimba. Wimbo haujafika kiitikio, Profesa akamrushia ufunguo wa pikipiki kupitia dirishani. Tamaa mbele mauti nyuma, ndiyo, lakini methali ni za wasiosoma.

Akashuka mbio, akaketi, akazungusha ufunguo. Muziki. Akazungusha tena. Muziki tu. Akafungua boneti: betri moja, na chini yake mchanga wa uani. Getini pikipiki yake ilikuwa inatokomea na mama watoto, kikapu begani.

"Mzee! Injini iko wapi?"

Mzee aliegemea dirisha. Ndani ya koti lililofungwa vifungo vyote, taa ndogo ilikuwa bado inawaka.

"Imo humo humo, Profesa. Nyembamba tu, mwanangu. Jicho haliioni."