Maji ya Kuoga ya Mzee Kibwana

Jamani, leo nimeadhirika. Nimeadhirika msibani, mchana kweupe, mbele ya Chang'ombe nzima. Sogeeni niwahadithie mwenyewe, kabla Kasimu hajafika na kutia chumvi yake.

Mnajua leo Jumapili mie na Kasimu tulikuwa twende Mnazi Mmoja kutazama ngoma. Nimeshavaa suruali yangu nyeupe, nimeipiga pasi mpaka inakata. (Nani alinituma nivae nyeupe?) Tuko mlangoni, tunaambiwa Mzee Kibwana, yule muuza mkaa, amefariki jana usiku na anazikwa leo. Safari ya ngoma ikaishia hapo hapo.

Sasa mie Mnyamwezi, marehemu Mzaramo. Mtani wako akifa huendi kulia; ukilia unatozwa kuku. Kulia wanalia wenye msiba. Wewe unakwenda kuchimba kaburi, kubeba, na kuwaudhi watu mpaka wacheke. Na mie, bila kujisifu (haya, najisifu kidogo), kwa kuigiza watu Temeke hii hakuna anayenifikia.

Nikaanza vizuri kabisa. Jeneza linatoka, nikajilaza njiani. "Hapiti mtu! Huyu hajafa, anakwepa kwenda kuuza mkaa!" Watu wakacheka huku wanajifuta machozi. Makaburini nikaingia shimoni, nikajinyoosha kupima. "Mzee mwenyewe mfupi, mmemchimbia la nani hili?" Wakacheka tena. Suruali ikawa rangi ya udongo. Nikasema potelea mbali.

Tuliporudi, Bi Mwanaidi, dada yake marehemu, akatuvuta pembeni.

"Watani, wifi yangu hajalia. Toka jana hajala, hajanena neno. Kakaa tu anatazama ukuta. Mie naogopa. Si ndiyo kazi yenu hii? Mtoeni pale."

"Niachie mie, bibi," nikasema. (Mdomo huu! Mdomo huu!)

Nyie wote mnaijua sauti ya mzee. Kila jioni akirudi, mweusi tii kwa vumbi la mkaa, alikuwa anapitiliza uani kwenye bafu la makuti, anakohoa, kisha anampigia kelele mkewe: "Mama Hidaya! Maji bado? Au ndiyo kwanza unachimba kisima?" Mtaa mzima tunasikia, na mtaa mzima tunacheka. Basi nikaitungua kofia yake msumarini, nikazunguka uani, nikajificha humo bafuni. Nikakohoa kikohozi chake. Nikaita. Wallahi, ilitoka kuliko nilivyotaka. Hata mie mwenyewe nywele zilinisimama.

Nikangoja vicheko. Wapi!

Halafu nikamsikia mama Hidaya kutoka ndani, kwa sauti yake ya siku zote, na kahasira kale kadogo:

"Yanakuja, mwenye haraka!"

Nikasikia kata inagonga mtungi. Nikasikia maji yanamiminwa kwenye ndoo. Hakuna aliyemzuia, maana hakuna aliyejua amwambie nini. Nyayo zikaja uani. Na mie ndani ya makuti, kofia ya marehemu kichwani, pa kukimbilia sina.

Akasukuma mlango, akaniona. Akaitazama kofia. Akanitazama usoni. Nikajua leo napigwa, na nikasema moyoni, na nipigwe.

"Maganga."

"Naam, mama."

"Sema tena."

Nikafungua mdomo. Nikajaribu kukohoa, kikatoka kilio. Mie! Mtani! Nililia kama mtoto aliyepotea sokoni, makamasi na kila kitu, nimeshikilia makuti nisianguke.

Na Kasimu, rafiki yangu mwema, badala ya kunisitiri akapaza sauti: "Tobaa! Mtani analia! Mnyamwezi analia, atoe kuku!" Hapo ndipo msiba mzima ukacheka. Wazee wamejishika mbavu, wanawake wanapigana makofi mgongoni. Mzaha wangu wote wa leo haukuwachekesha hivyo.

Mama Hidaya hakucheka. Akaitua ndoo miguuni pangu.

"Haya, oga. Nimeshayateka, siyamwagi."

Wewe ungefanya nini? Nikaoga. Nimeoga maji ya marehemu, matanga yote yananisikiliza, kwikwi imenishika. Nikiwa naoga nikamsikia anakaa chini, pale pale nje ya makuti, anaanza kulia. Kwanza taratibu. Kisha kwa sauti, anamwita mumewe kwa jina, mpaka kule mbele wakaacha kucheka na Bi Mwanaidi akaja kumshika. Mie nikabaki ndani nimelowa, naona haya kutoka. Tulipoaga, mama Hidaya alikuwa ameshakunywa uji.

Basi chekeni, nawaona mnavyojikaza. Kuku nitatoa. Ila atakayeniomba nimwigize tena yule mzee, tutagombana.