Castory Moja, Meza ya Dirishani

Jumatatu, 4 Agosti 2025

Leo nimetukanwa mbele ya chai yangu. Aliyenitukana hakujua kama amenitukana, na hilo ndilo limeniuma zaidi.

Nilikuwa hotelini kwa Bi Fakhria, Barabara ya Nane, meza yangu ya dirishani. Akaingia dereva wa lori, mgeni kabisa, vumbi la mpakani Horohoro bado liko kwenye kope. Hakusoma ubao. Hakuuliza kuna nini. Akaagiza Ammar mbili na chai ya rangi.

Ammar mbili! Mtu hajawahi kulala Tanga hata siku moja, na analijua jina la Ammar.

Naandika hapa ili wajukuu wangu wakija kusoma waelewe. Ammar ni jirani yangu. Ana duka la vitambaa, ana kanzu zisizoingia mkunjo, na babu yake alijenga nyumba ambayo mpaka leo ina jina la babu yake juu ya mlango. Miaka tisa iliyopita, pale pale kwa Bi Fakhria, bajia zilivunjika jikoni. Ammar akasema si kitu, zimwagwe tu juu ya mbaazi za nazi, atakula hivyo hivyo. Basi. Huo ndio ugunduzi wake wote. Kesho yake mtu akaomba "ile ya Ammar". Leo imeandikwa kwenye ubao kwa chaki: AMMAR IPO.

Mimi nimekula pale miaka ishirini na mbili. Sijaandikwa popote.

Dereva alikula mbili, akaongeza ya tatu. Ammar alikuwa meza ya pili, anapangusa midomo kwa unyenyekevu. Unyenyekevu wa kujifanya! Nikaacha andazi nusu, nikarudi nyumbani.

Nimekata shauri. Kabla mwezi huu haujaisha, Loveness mhudumu atasimama mlango wa jikoni na kuita: "Castory moja, meza ya dirishani!"

Jumanne, 5 Agosti

Chakula nimekwishakitunga. Wali wa nazi chini, tambi tamu katikati, dagaa wa kukaanga juu. Hakuna mtu Tanga amewahi kuviweka hivyo vitatu kwenye sahani moja. Nimeuliza.

Imakulata, mke wangu, nilimweleza asubuhi. Akasema Baba Tadeo, kunywa uji wako. Hana jicho la mbali.

Saa sita nikaketi mezani. Loveness akanipa shikamoo, nikaitikia, kisha nikaagiza kwa sauti iliyofika mpaka kwa fundi baiskeli ng'ambo ya barabara. Nikasema niletee Castory moja.

Loveness akajibu kwamba kastadi hawana.

Nikamwambia si kastadi, Castory. Akasema ndiyo mzee, hiyo hiyo, haipo, huwa wanapika mwezi wa Ramadhani tu. Nikatamka polepole. Akaenda kumuuliza Bi Fakhria. Akarudi na jibu kwamba Bi Fakhria anasema pole sana, kastadi hakuna, kama nina hamu ya kitu kitamu kuna kaimati.

Nikala kaimati. Zilikuwa nzuri, ila si hoja.

Somo la leo: mtu mmoja akiomba kitu, ni mtu mmoja. Watu kumi wakiomba, mwenye hoteli anakipika. Inahitajika midomo mingine.

Jumatano, 6 Agosti

Siku kubwa!

Asubuhi nilimbembeleza Imakulata apige simu. Alikubali kwa sharti kwamba nitapanda juu na kuziba bati linalovuja jikoni. Akapiga akiwa anachambua mchele, hata hakunyanyua macho. Akamuuliza Bi Fakhria kama wana Castory leo. Akasikiliza. Akasema haya, ahsante. Akakata. Nikamuuliza amejibiwaje. Akasema ameambiwa leo hapana, ila wanaulizwa sana siku hizi.

Wanaulizwa sana! Siku ya pili tu!

Nikaenda kwenye mazoezi ya kwaya. Naujua udhaifu wao. Nikawaambia kuna chakula kipya Barabara ya Nane, kinaitwa Castory, kimeadimika, anayetaka sharti aulize mapema. Innocent, kiongozi wetu wa kwaya, akauliza kwa nini kina jina langu. Nikasema ndiyo maana nami nashangaa. Devota wa sauti ya kwanza akasema atapita.

Jioni nilikaa kwa Bi Fakhria nyuma ya gazeti. Wanakwaya saba walipita, mmoja mmoja, wote wakiulizia. Devota aliulizia mara mbili. Kila mmoja alipoondoka, Bi Fakhria alizidi kukuna kichwa chini ya ushungi. Mwisho akamwita mpishi pembeni, wakanong'ona. Nilisikia maneno mawili tu: "kesho" na "nyingi".

Sitaki kulia mbele ya Imakulata, kwa hiyo nimetoka uani kuandika hapa. Baba yangu alitoka Songea kuja kukata mkonge. Alikuja manamba. Kwenye daftari la shamba hakuwa Tadeo, jina nililompa mwanangu, alikuwa 4417. Akiitwa kazini, namba. Akiitwa kula, namba. Alikata mkonge miaka thelathini na moja, na hakuna jiwe wala kichochoro mji huu chenye jina lake. Kesho jina la nyumba yetu litakuwa kwenye ubao. Baba, wanao tumefika.

Alhamisi, 7 Agosti

Nilivaa shati la Krismasi.

Nilifika saa nne kasoro. Ubao ulikuwa nje, umefutwa vizuri, chaki mpya, herufi kubwa:

KASTADI IPO.

Nilisoma mara tatu. Nikaingia ndani. Ipo kweli. Ya njano, imemiminwa kwenye vibakuli vya kioo, zabibu kavu nne nne juu, imetoka kwenye friji inapumua baridi. Bi Fakhria akanipokea kwa furaha, akasema tangu nilivyoomba juzi mji mzima umemjia juu na kastadi, hata makanisani wanaitaka, sasa ameona aipike, na mimi nipokee kibakuli cha kwanza kwa heshima.

Ningesema nini? Nilikula.

Ilikuwa tamu mno. Nimekasirika sana.

Mpaka saa nane ilikuwa imekwisha. Wanakwaya wote walikuja, wakala, wakanipungia mkono kwamba kweli, Castory ni tamu, nilisema kweli. Ammar alikula vibakuli viwili. Akaja mezani kwangu kunipongeza kwa wazo zuri. Nikamwambia halikuwa wazo langu. Akaniona mnyenyekevu.

Usiku nimekaa nikilifikiria lile neno. KASTADI. Nikaliandika kwenye kiganja. Herufi saba. Ni mbili tu zenye makosa.

Ijumaa, 8 Agosti, Nane Nane

Itabidi niandike haraka, koo limekauka.

Nilikuwa nimepanga vizuri. Siku ya Ijumaa, wakati wa sala, hoteli hufungwa nusu mlango na watu wote wanakwenda msikitini. Ubao unabaki nje peke yake. Nilikuwa na chaki yangu mfukoni. Nikafuta A na D kwa kidole, nikaandika O na R. KASTORI IPO. Si tahajia ya cheti changu cha ubatizo, ila mwanzo ni mwanzo. Nikarudi dirishani kwa nje, nikasimama kama mtu anayesubiri kivuli.

Kwa kuwa ni sikukuu, watu walifurika. Familia moja imetoka Mwera, watu kumi na mmoja na bibi mzee, wamekuja kutembea mjini. Wakasoma ubao. Baba wa ile familia akauliza kastori ni kitu gani.

Loveness hakujua. Mpishi hakujua. Ammar, ametoka tu msikitini na kanzu yake ile, akasogea akaeleza kama mwalimu. Akasema neno hilo analikumbuka vizuri. Ni ile kastoroli, mafuta ya kulainisha tumbo, walinyweshwa utotoni kwa kijiko kabla shule hazijafunguliwa, na kwamba ukinywa asubuhi, usiende mbali na choo mpaka jioni.

Bibi mzee wa Mwera akasema naye anaikumbuka. Akasimama.

Wakasimama wote kumi na mmoja. Meza ya pembeni nao wakasimama. Kijana mmoja aliyekuwa amekwisha kula kibakuli cha kastadi akashika tumbo na kutoka mbio, na hakukuwa na sababu yoyote, ni woga tu. Ndani ya dakika chache hoteli ilibaki na Ammar na friji iliyojaa, na mimi dirishani kwa nje.

Bi Fakhria akatoka nje. Akautazama ubao. Kisha akatazama vidole vyangu, vyeupe pe, na suruali yangu nyeusi nilikopangusia.

Nilitegemea matusi. Hakutukana. Alisema taratibu, na hilo lilinitisha zaidi: "Weye ndo ulonifukuzia wageni, bwana Castory. Weye ndo utayewarudisha."

Akaniwekea kiti mlangoni. Kuanzia saa nane mpaka alasiri, na baada ya alasiri mpaka magharibi, nilikaa pale nikiwaambia wapita njia, wenye baiskeli, wenye bodaboda, na nusu ya Ngamiani yetu hii iliyokuwa inatembea sikukuu yake: "Ni kastadi! Kastadi! Si dawa! Kastadi!"

Ikaisha yote. Bi Fakhria akanipa maji ya limao kwa ajili ya koo. Imakulata alipita na mashoga zake, akasimama, akanisikiliza, akanunua viwili.

Jumapili, 10 Agosti

Misa ya pili. Tulipofika pa kutakiana amani, Devota akanigeukia, akanishika mkono kwa upole kabisa: "Amani iwe nawe, mzee Kastadi."

Nilidhani ulimi umeteleza. Innocent naye akasema hivyo hivyo. Mlangoni, muuza karanga ambaye si Mkristo wala si mteja wa Bi Fakhria akanisalimia shikamoo mzee Kastadi. Kutoka kanisani mpaka nyumbani nimehesabu kumi na wanne. Fundi baiskeli alikuwa wa mwisho. Alisema habari za leo, mzee Kastadi, dirisha limekukosa.

Nilitaka chakula kiitwe jina langu. Sasa mimi ndiye ninaitwa jina la chakula.

Nimeumia. Sioni sababu ya kuficha hapa. Baba yangu alikuwa namba, na mimi, baada ya miaka hamsini na tisa ya kuzaliwa na kuishi Tanga, nimekuwa kitindamlo.

Imakulata alinikuta nimekaa kitandani na viatu. Akakaa karibu. Akasema mji mzima wananijua, na wananiita wakicheka kwa mapenzi, na kwamba 4417 hakuna aliyemsalimia njiani. Kisha akanikumbusha bati.

Maneno yake yalikuwa ya faraja, nadhani. Nitayafikiria nikiwa na nafasi.

Jumatatu, 11 Agosti

Sikwenda kwa Bi Fakhria. Saa tano Ammar akabisha hodi, ameshika bakuli limefunikwa kitambaa. Kastadi. Bi Fakhria ameituma. Anauliza kwa nini meza ya dirishani iko wazi.

Ammar akakaa barazani. Akasema kitu cha ajabu. Akasema yule dereva wa Horohoro, Jumatatu iliyopita, alikula Ammar tatu akiwa amekaa mkono mmoja kutoka kwake, na hakujua Ammar ni mtu. Alimuuliza kama Ammar ni jina la mbaazi za huko Pangani. "Jina langu linaliwa, ndugu yangu, mimi hawanijui. Wewe wanakujua sura." Akasema ananionea wivu kidogo.

Nikamsindikiza mpaka getini. Nikamshukuru. Nilimwona wazi, anataka nilegee ili abaki peke yake kwenye ubao.

Kastadi niliila. Zabibu zilikuwa sita.

Nikapanda kuziba bati, nikiwa juu nikaona mtaa mzima mpaka mwisho. Na hapo ndipo ikanijia. Karibu nianguke.

Ngamiani yote hii, barabara hazina majina! Ya Nane. Ya Tisa. Ya Kumi. Namba tu, kama baba yangu. Zimekaa miaka yote zikisubiri. Hii yetu ni ya Kumi na Tano, na hakuna mtu ameigusa. Chakula ni jambo dogo, leo kipo kesho kimekwisha. Barabara haiishi.

Nilishuka bila kumaliza bati.

Jumanne, 12 Agosti

Kazi imeanza, na nasema kwa utulivu kwamba imeanza vizuri kuliko nilivyotegemea.

Mbinu ni ile ile ya midomo, nimeiboresha tu. Barabara inaitwa vile waendesha bodaboda wanavyoiita. Nikaenda mpaka kituo cha Mkwakwani, mahali ambapo hawanijui sana, nikachagua kijana mwenye uso wa akili. Nikapanda. Nikamwambia, kama mtu aliyezoea: nipeleke Barabara ya Castory.

Nilijiandaa kumwelekeza. Nilijiandaa hata kwa mabishano. Hakuuliza lolote! Akaitikia ndiyo mzee, akawasha pikipiki, tukaondoka.

Akanishusha Barabara ya Nane, mlangoni kwa Bi Fakhria, akanishauri niwahi kastadi kabla haijaisha.

Yaani hata siku moja haijapita na barabara tayari ina jina. Amekosea mtaa tu, na hilo ni suala la mitaa saba. Loveness akanivutia kiti cha dirishani, nikala kibakuli kimoja kusherehekea. Kesho nitawaambia madereva wawili.