Chupa ya Damu Chini ya Kaunta

Jumanne, 3 Juni
Mama Nabwire, mwenye hoteli karibu na reli, anatafuta bucha ya kumpelekea nyama kila siku. Ataamua Jumamosi. Muoki, mwenye bucha inayotazamana na yangu ng'ambo ya barabara, ameshaanza kujichekesha kwake. Nyama yake nyekundu! Yangu imechinjwa leo, na nikiikata ni nyeusi. Hakuna haki duniani. Lakini mimi Opicho sikati tamaa.

Jumatano, 4 Juni
Ugunduzi! Nilikuwa na damu ya kutengenezea mutura, ile soseji ya utumbo, kwenye chupa, nimeshaikoroga isigande. Nyeusi tii. Nikaitikisa kwa hasira nikimfikiria Muoki. Ikawa nyekundu kama nyanya! Nitaipaka kwenye nyama. Mke wangu Millicent akasema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Nikamwambia ashughulike na sukuma wiki yake.

Alhamisi, 5 Juni
Nilitikisa alfajiri. Kufika saa nne damu imetulia, imerudi nyeusi. Sawa. Dawa ni kutikisa bila kukoma, chini ya kaunta, nipake mteja akikaribia. Mmoja aliniuliza kama nina malaria. Mwingine aliniombea. Mkono unauma vibaya. Naendelea.

Jumamosi, 7 Juni
Siku yenyewe. Mama Nabwire alikuja na gauni jeupe, akielekea harusini. Nikatikisa kwa nguvu zangu zote. Akauliza ninaficha nini huko chini. Nikafungua kifuniko nipake upesi. Povu! Lote likaishia gaunini. Alipiga mayowe hadi mtu akatoka kwa kinyozi kichwa nusu hakijanyolewa. Akasema hata mbwa wake hatakula kwangu, akavuka barabara kwa Muoki. Niliumia, sitajidanganya. Nilikaa nyuma ya kaunta nikalia kidogo.

Jumapili, 8 Juni
Muoki amekuja kunipa pole. Eti nyama yangu haina ubaya. Eti kila nyama ni nyeusi ndani. Yeye huikata mapema, akaining'iniza ipigwe na hewa, basi, baada ya muda inageuka nyekundu yenyewe. Millicent naye anatikisa kichwa kukubali! Kuning'iniza tu? Bila jasho? Ananiona mtoto. Nilimshukuru kwa adabu, sikumwamini hata neno moja.

Kosa langu nimeliona: nilitikisa damu peke yake. Kesho natikisa paja zima. Nimeshaazima mkokoteni, na kichochoro cha nyuma kina mashimo mazuri.